Mishubiri na sakulenti kwenye vyungu: majani ya chini yanalainika baridi ikiingia, nibadilishe nini?

KitaluChaBaraza

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa sakulenti (mimea inayotunza maji kwenye majani yake manene) zilizo kwenye vyungu: alovera mbili, Haworthia mbili, Echeveria nne, Crassula ovata moja na Aeonium moja. Msimu wa joto zote zilikaa nje, jua la asubuhi mpaka saa sita, maji kila Jumamosi. Sasa usiku nyuzijoto zinashuka hadi 9 au 10, hivyo zimeingia ndani kwenye meza iliyo mita moja na nusu kutoka dirishani. Chumba kina nyuzi 20 hivi. Maji bado ni kila Jumamosi.

Hali ilivyo sasa: alovera kubwa ina majani mawili ya chini yaliyolainika, rangi imefifia kuwa ya manjano na ukiyabonyeza maji yanasogea ndani. Alovera ndogo majani yamejikunja kingo, ncha zimekauka. Echeveria zinarefuka, nafasi kati ya jani na jani inapanuka. Aeonium peke yake ndiyo inatoa majani mapya.

Vyungu ni vya plastiki, kipenyo sm 20, tundu moja, chini kuna kokoto kimo cha sm 4. Udongo ni mboji na udongo wa bustani, nusu kwa nusu. Maji niyapunguze kiasi gani? Udongo ubadilishwe sasa au joto likirudi? Na zitakapotoka tena nje, zisiungue na jua, utaratibu ni upi?

FundiVyungu

Mkuu, acha kwanza habari ya ratiba. Itoe hiyo alovera kubwa kwenye chungu leo hii. Jani la chini likinyauka polepole mpaka likabaki kavu kama karatasi, huo ni uzee, mmea umefyonza akiba yake. Jani likilainika huku bado limejaa maji, hapo kuna kuoza, na kwa kawaida kumeanzia mizizini kukapanda kwenye shina. Kadiri unavyochelewa ndivyo sehemu nzima ya shina inavyopungua.

Ukishaitoa, kung'uta udongo wote kisha vuta mizizi mmoja mmoja kwa vidole. Mzizi mzima wa mshubiri ni mnene, mgumu, mweupe au wa manjano. Ulio mbovu ni wa kahawia au mweusi, na ukiuvuta ngozi inavuka unabaki uzi mwembamba wa katikati. Nusa pia. Mzizi mzima unanukia udongo tu.

Alovera ndogo ina dalili nyingine. Jani kujikunja kama mfereji na ncha kukauka ni kiu, lakini wewe unaimwagilia kila wiki. Maana yake maji yapo ila hayafiki majanini: mizizi ama imekufa ama inashambuliwa. Itoe nayo. Hapa ndipo mimea mingi inapouawa, mtu anaona jani limesinyaa anaongeza maji, kumbe hakuna mzizi wa kuyanywa.

Kuhusu chanzo, lawama ya kwanza naiweka kwenye udongo na zile kokoto, Jumamosi zako zinafuata. Maji ndani ya chungu hayashuki yote. Udongo wenye chembe ndogo huyashikilia, na chini kabisa hubaki tabaka lililolowa chepechepe hata baada ya tundu kuacha kudondosha. Kimo cha tabaka hilo hutegemea ukubwa wa chembe, hakitegemei kina cha chungu. Isitoshe, maji hayahami kutoka kwenye chembe ndogo kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umeshiba kabisa. Kwa hiyo kokoto za sm 4 hazikuondoa tabaka la maji, zimelipandisha sm 4 likasogea karibu na shina. Kokoto hizohizo zingesaidia kama zingechanganywa ndani ya udongo wenyewe. Juu ya tundu weka kipande cha wavu wa dirisha, basi.

Mchanganyiko wa lita 10 unaofaa alovera, Haworthia, Gasteria (jamaa ya Haworthia) na Crassula:

- lita 4 za jiwe la pumisi (jiwe jepesi la volkano lenye matundu), vipande vya mm 3 hadi 6
- lita 2 za mchanga wa chembe kubwa, mm 2 hadi 4, uliooshwa
- lita 1 ya matofali ya kuchoma yaliyopondwa, au mawe ya volkano, ukubwa uleule
- lita 3 za mboji iliyoiva kabisa

Kwa Echeveria punguza mboji iwe lita 2 na uongeze pumisi. Kwa Aeonium fanya kinyume, mboji lita 4, maana mizizi yake ni myembamba na haipendi kukauka kabisa. Ukikosa pumisi tumia perlaiti, zile punje nyeupe za kuchanganya na udongo, ila ni nyepesi mno na huelea ukimwagilia, hivyo ifunike juu kwa changarawe sm 1. Mchanga laini wa kupigia plasta usiuguse: unaziba nafasi zote za hewa. Mchanga wa pwani una chumvi.

Vitu vyote vya mawe vipitishe kwenye chekeche la mm 2, vumbi linaloanguka ulitupe. Hatua hii hurukwa na watu wengi, nami naiona ina faida kuliko aina ya jiwe utakayochagua. Kisha jaribu: jaza chungu, lowesha, halafu mimina nusu lita ya maji kwa mkupuo. Maji yakisimama juu zaidi ya sekunde 5 hivi, ongeza mawe.

Jambo la mwisho ni ukubwa. Chungu kizidi fungu la mizizi kwa sm 2 hadi 3 kila upande. Haworthia ndani ya chungu cha sm 20 inazungukwa na udongo mwingi usio na mzizi, na udongo huo unachelewa kukauka kwa wiki nzima au zaidi.

MamaMajani

Fundi kamaliza ya udongo. Mimi niingie kwenye maji, kwani hapo ndipo msimu unapoamua mambo.

Sakulenti nyingi hufungua vitundu vya majani usiku, zikavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi, kisha mchana hufunga vitundu na kufanya usanisinuru kwa ile akiba. Ndiyo maana hupoteza maji kidogo sana. Lakini kazi hiyo hutegemea joto na mwanga. Alovera ikifika chini ya nyuzi 10 karibu inasimama, mizizi hainywi, na maji uliyoyatia yanabaki kwenye chungu yakingoja kuvu. Kwa hiyo siku ya kumwagilia isifuate kalenda. Fuata joto la usiku na ukavu wa chungu.

Kwa chungu cha sm 12 hadi 15 na ule mchanganyiko wa Fundi, mwenendo huwa hivi. Usiku ukiwa juu ya nyuzi 18 na mwanga ni mwingi, chungu hukauka mpaka chini ndani ya siku 7 hadi 12, na ukikauka mwagilia. Usiku wa nyuzi 12 hadi 18, subiri siku 15 hadi 25. Chini ya 10, alovera na Echeveria acha kabisa mpaka joto lipande. Kama mmea utapitia baridi ya aina hiyo, maji ya mwisho yatangulie kwa wiki mbili au tatu, uingie kwenye baridi ukiwa mkavu. Mmea uliopungukiwa maji una utomvu mzito zaidi, na utomvu mzito huganda kwa baridi kali zaidi kuliko utomvu mwepesi. Alovera yenyewe usiiache chini ya nyuzi 5, na jalidi ikiigusa seli za majani hupasuka, jani linageuka uji.

Kupima ukavu usitegemee kidole, kinafika sm 3 tu. Ingiza kijiti kikavu cha mbao kutoka tundu la chini, kikae dakika 5, kitoe ukitazame na ukiguse shavuni. Kikiwa na ubaridi au weusi wa unyevu, bado. Njia bora zaidi ni mizani ya jikoni: pima chungu kikiwa kimekauka kabisa, pima tena baada ya kumwagilia na kuchuja, andika namba zote mbili kwenye kibandiko cha chungu. Utajua hali ya mmea bila kubahatisha.

Unapomwagilia, nywesha mpaka maji yatoke tunduni, na sahani ya chini uimwage baada ya dakika 10. Kuna desturi ya kutia vijiko viwili vitatu vya maji kila siku chache kwa kuogopa kuozesha. Haisaidii. Inalowesha juu tu, mizizi ya chini inakufa kwa ukavu, na chumvi za maji na mbolea zinajikusanya. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, pitisha maji yanayozidi ujazo wa chungu mara tatu, yatoke yote. Kazi hiyo ifanye msimu wa joto.

Sasa, usiziweke zote kapu moja. Aeonium inakua hivi sasa kwa sababu asili ya nyingi ni Visiwa vya Kanari, ambako mvua huja wakati wa baridi. Kati ya nyuzi 10 na 18 inyweshe kila sm 3 za juu zikikauka. Kwenye joto kali itajifunga katikati na kuangusha majani ya chini, na hapo watu huimwagilia kwa huruma ikaoza. Wakati huo ipe kivuli na maji kidogo kila wiki 3 au 4. Haworthia hupenda majira ya kati, joto likizidi nyuzi 32 hivi hupumzika, ikipumzika maji yapungue. Aloe variegata nayo hukua zaidi wakati wa baridi. Hii utaiona pia kwa jina la Gonialoe variegata, kwani mwaka 2013 na 2014 wataalamu waliigawa jenasi ya Aloe na baadhi ya mishubiri ikapewa majina mengine. Ukitafuta maelekezo, tafuta kwa majina yote mawili.

KitaluChaBaraza

Asanteni sana. Nimezitoa zote mbili. Alovera kubwa: mizizi karibu yote inavuka ngozi kama alivyoeleza Fundi, na chini ya shina kuna sm 3 za kahawia. Juu ya hapo bado ni ngumu. Ina chipukizi mbili pembeni, moja ya sm 5 na nyingine ya sm 12. Alovera ndogo: mizizi mingi ni myeupe, lakini kwenye kuta za ndani za chungu na juu ya mizizi kuna unga mweupe kama pamba. Huo ni chumvi au kuvu?

FundiVyungu

Dondoshea huo unga tone la maji. Chumvi huyeyuka, na ukiisugua kwa vidole ni ya chengachenga. Maji yakikaa juu yake kama shanga bila kuulowesha, ni nta ya vidung'ata wa mizizi, wadudu wadogo weupe wanaofyonza utomvu. Kwa ulivyoeleza jani limejikunja, mizizi ipo na udongo una unyevu, naona ni hao.

Nianze na kubwa.

Chukua kisu chembamba, kifute kwa spiriti ya asilimia 70. Kata shina kutoka chini vipande vya sm 1 kwenda juu, na kila baada ya kukata kifute kisu upya, la sivyo unapandisha uozo mwenyewe. Endelea mpaka uso wote wa shina uwe mweupe au wa kijani hafifu. Ukiona hata nukta moja ya kahawia kwenye duara la katikati, kata tena. Bandua majani ya chini ili libaki shina tupu la sm 3 au 4. Ukitaka, pakaza unga wa salfa kwenye kidonda, unasaidia kukikausha, lakini hauponyi shina ambalo halijakatwa vya kutosha.

Liweke kivulini penye hewa, nyuzi 20 hadi 25, siku 7 hadi 14. Shina nene na hali ya ubaridi huweza kufika wiki tatu. Kidonda kiwe kigumu na kikavu kabisa ukikigusa. Halafu simamisha kwenye pumisi tupu iliyo kavu, kina cha sm 2 au 3, uegemeze kwa vijiti. Maji ya kwanza baada ya siku 7, kiasi cha kulowesha tu. Juu ya nyuzi 20 mizizi hutoka ndani ya wiki 3 hadi 6. Katika muda huo majani yatasinyaa na kukunjamana. Usishtuke wala usiongeze maji, yanatumia akiba yake kutengeneza mizizi. Ukivuta kidogo na mmea ukakataa kuja, umeshika.

Chipukizi ya sm 12 itenganishe ikiwa na mizizi yake, iache siku 3 kidonda kikauke, panda. Ya sm 5, kama inatoka juu ya sehemu iliyooza, iache kwenye shina mama. Kama inatoka ndani ya uozo ikate hivyohivyo na ujaribu bahati. Majani uliyobandua usihangaike kuyapanda. Jani la alovera likitengwa halina kichipukizi cha kuotea, litakaa wiki kadhaa kisha lioze. Echeveria, Haworthia na Gasteria ndizo huota kwa jani, mradi limeng'oka zima mpaka kitako chake.

Hiyo ndogo, osha mizizi yote kwa maji yanayotiririka mpaka isibaki hata chembe ya udongo, punguza vinyuzi vilivyosongamana, iloweke dakika 15 kwenye lita 1 ya maji yenye ml 5 za sabuni ya maji, suuza, ianike kivulini siku 4 au 5, panda kwenye mchanganyiko mpya. Udongo wa zamani ufunge kwenye mfuko utupe, usiupeleke kwenye rundo la mboji. Chungu kisugue kwa maji ya moto, kisha klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji sehemu 9, nusu saa, suuza. Mmea utenge na wenzake wiki 8, na kila wiki mbili inua chungu utazame tundu la chini, ndiko wanakoonekana kwanza. Wakirudi, na mahali inaporuhusiwa, kuna dawa ya kupenya ya imidakloprid. Isitumike kwa mshubiri utakaokunywa au kujipaka, wala mmea ukiwa na maua, kwa sababu ya nyuki. Na kama kuna sisimizi wanapita kwenye vyungu, washughulikie hao kwanza, maana hubeba vidung'ata kutoka chungu hiki kwenda kile.

Hizi mbili zibadilishiwe udongo sasa bila kungoja. Zilizobaki zisubiri mpaka usiku uwe juu ya nyuzi 15, ila vyungu vyake vikaushe.

DirishaLaJua

Nakubaliana na yote ila naona hakuna aliyegusa meza. Mita moja na nusu kutoka dirishani ni giza kwa sakulenti, hata kama macho yetu yanaona chumba ni cheupe. Nyuzi 20, maji kila wiki, mwanga haba: hapo mmea unalazimishwa kukua bila chakula. Ndiyo sababu Echeveria inarefuka.

Ungekuwa na chumba kisichopashwa joto, chenye nyuzi 8 hadi 12 na dirisha zuri, ningezipeleka Echeveria na Crassula huko, kavu kabisa, kuliko kuziacha kwenye joto lenye giza. Baridi kiasi pamoja na ukavu huzilaza zikabaki na umbo lake, na Crassula ovata ikipata usiku mrefu na wa baridi ndipo hutoa maua.

Kama chumba ni hicho tu, zisogeze dirishani. Kaskazini ya ikweta ni dirisha linalotazama kusini, kusini ya ikweta linalotazama kaskazini. Acha sm 5 kati ya jani na kioo, kwani usiku kioo kinaweza kuwa baridi kuliko chumba kwa nyuzi kadhaa na jani linalokigusa hupata doa. Zungusha chungu robo duara kila wiki. Dirisha likiwa dhaifu, weka taa ya LED nyeupe ya kelvini 5000 hadi 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga, kipo kwenye boksi), wati 20 hadi 30 halisi kwa rafu ya sm 60 kwa 30, iwe sm 20 hadi 30 juu ya mimea, saa 12 hadi 14 kwa siku. Saa za giza ziwepo, usiku ndio zinapovuta hewa.

Echeveria zilizokwisha kurefuka hazirudi fupi. Joto likirudi, kata kichwa kikiwa na shina la sm 3, kikaushe siku 5 hadi 7, kipande upya. Kisiki kilichobaki usikitupe, kitatoa vichipukizi kadhaa.

Na kwa MamaMajani, kukausha kabisa nina neno kidogo. Vyungu vya chini ya sm 8 vikikaa miezi mitatu bila tone, vinyuzi vya mizizi hufa vyote, na joto likirudi mmea unaanza upya.

MamaMajani

Kwa vyungu vidogo ni kweli. Vipe maji kidogo mara moja kwa mwezi, asubuhi ya siku ambayo mchana utafika nyuzi 15, ili vipate saa kadhaa za kukauka kabla ya usiku. Mimea mikubwa ya alovera haihitaji hata hayo, jani la alovera ni maji kwa zaidi ya asilimia 95 na linatosha kuivusha msimu. Lithops, ile sakulenti inayofanana na kijiwe, hata chungu kiwe kidogo namna gani, usiipe maji wakati jozi mpya ya majani inapotoka katikati ya ile ya zamani. Jozi mpya inakunywa kutoka kwa ya zamani, ukitia maji zote mbili zinabaki na mmea unapasuka.

MvuaMfululizo

Dada MamaMajani, naomba kuchomekea swali. Pale ambapo hakuna baridi ya maana, ila kuna msimu wa mvua za karibu kila siku kwa miezi miwili, usiku nyuzi 22, vyungu vikiwa nje, ushauri unabadilikaje? Mishubiri inaota madoa ya kahawia yenye duara.

MamaMajani

Hapo adui ni unyevu wa kudumu tu, joto halina neno, na kwa kweli mmea unataka kukua. Ukiweza, weka bati angavu la plastiki juu, lenye mteremko, pande zote zibaki wazi. Pande zikizibwa unapata mvuke, na mvuke una madhara kuliko mvua. Vyungu viachane kwa sm 10 au zaidi, vipandishwe juu ya vipande vya matofali sm 3 hadi 5 kutoka sakafuni, kwa maana tundu linalolala kwenye sakafu iliyolowa halichuji. Sahani ziondoe zote. Pitia matundu kabla mvua haijaanza, mara nyingi mzizi umeziba.

Pasipo paa, mchanganyiko uwe mawe asilimia 80 na mboji 20, chungu kiwe cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi, na chenye kina zaidi kuliko upana. Mvua ikikaza, laza vyungu ubavu kidogo upande usioelekea upepo. Haworthia na Echeveria zinazoshika maji katikati ya majani, yapulize au yanyonye kwa kitambaa kabla ya jua, yasikae siku mbili.

Madoa yenye duara yaangalie kwa karibu. Yakiwa na unga wa rangi ya chungwa au kahawia chini ya ngozi ya jani, ni kutu ya mshubiri. Doa halitoki. Kata jani likiwa limeathirika sana, ongeza hewa, na acha kulowesha majani, kwa kawaida inajifunga yenyewe hewa ikikauka. Kama unaona uvimbe wenye vinundu kama koliflawa kwenye maungio ya majani au kikonyo cha ua, hiyo si kutu, ni utitiri wa mshubiri, wadudu wasioonekana kwa macho wanaobebwa na upepo. Wamo ndani ya uvimbe, dawa haiwafikii vizuri. Kata sm 2 au 3 ndani ya sehemu nzima, funga mfuko tupa, futa kisu. Salfa ya kunyunyiza husaidia kukinga majirani, ila inyunyize jioni, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 inaunguza majani.

FundiVyungu

Nijibu lile swali la tatu la KitaluChaBaraza, la kutoa nje, kwa sababu litawahusu wengi baada ya miezi michache.

Subiri usiku ubaki juu ya nyuzi 10 kwa wiki nzima. Chagua siku ya mawingu. Wiki ya kwanza na ya pili weka chini ya chandarua cha kivuli cha asilimia 50, ya tatu asilimia 30, kisha jua la asubuhi. Jani lililokua ndani halijajenga kinga yake. Hata mmea uliozoea jua kali mwaka jana utaungua ukitolewa ghafla. Kuungua huonekana upande unaotazama jua, doa jeupe au la rangi ya majani makavu, na halifutiki. Jani zima kugeuka jekundu au kahawia kidogo ni rangi ya kujikinga, itapungua mmea ukizoea au ukipata kivuli.

Maji ya kwanza yawe nusu ya kawaida, ya pili kamili baada ya siku 10. Mbolea isubiri mpaka uone jani jipya katikati. Tumia iliyo na naitrojeni ndogo, kwa robo ya kipimo cha kwenye lebo: ikisema gramu 4 kwa lita, tia gramu 1, mara moja kwa mwezi, juu ya udongo uliokwisha loweshwa. Naitrojeni nyingi hutoa majani marefu, mororo, yanayopendwa na vidung'ata na kuvunjika kwa uzito wake.

Na hivyo vyungu vyako vya plastiki, kama ni vyeusi, jua la mchana likivipiga ubavuni udongo wa ndani unaweza kupita nyuzi 45 na mizizi ya upande huo inaiva. Kitumbukize chungu ndani ya kingine kikubwa kidogo cha rangi nyeupe, pabaki nafasi ya hewa ya sm 1 au 2, na cha nje nacho kiwe na tundu.

KitaluChaBaraza

Ni vyeusi, ndiyo. Nimekata shina mpaka sm 5 juu ya uozo ndipo duara la katikati likawa safi, linaning'inia kivulini. Chipukizi ya sm 5 ilikuwa ndani ya uozo, lakini ilikatika ikiwa na kitako cheupe chenye mzizi mmoja. Nayo ikae siku ngapi kabla ya kuipanda?

FundiVyungu

Siku 3 zinatosha, ni nyembamba, ukizidisha itakauka kabla haijashika. Ipande kwenye chungu cha sm 6, pumisi nusu na mboji iliyochekechwa nusu, dirishani, maji kidogo siku ya nne baada ya kupanda. Iweke mbali na ile ya vidung'ata.